Sanamu la mwanamke sio lazima awe mungu, njoo tutembee Mumbai uone

Ilianza na picha moja tu. Nilikuwa Mumbai, nimemsindikiza shangazi kwa matibabu ya moyo, na kama umewahi kupeleka mgonjwa India unajua kwamba siku za kulazwa ni chache kuliko siku za kusubiri. Unasubiri vipimo, unasubiri daktari arudi safari, unasubiri kidonda kikauke upewe ruhusa ya kupanda ndege, kwaiyo asubuhi na jioni nikawa natoka kuzurura. Siku hiyo nikapiga selfi mbele ya chemchemi moja ya mapambo katikati ya mji, juu yake kuna sanamu la mwanamke, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Hazikupita dakika tano baba mdogo kaandika "unapiga picha na mungu wa Wahindi, usije ukaturudi na mashetani." Basi, grupu likawaka. Mmoja anasema Wahindi wana miungu milioni 330, mwingine anasema Kali anakunywa damu za watu, binamu yangu akaona hiyo ndo nafasi ya kuwachokoza Wakatoliki kwamba na nyie mna Maria wenu, mpaka admini akafunga grupu watu wapoe.

Kichekesho ni kwamba lile sanamu hakuna mtu hata mmoja Mumbai anayeliabudu. Sio la Wahindi kabisa. Ni Flora, mungu wa maua wa Warumi wa kale, lililetwa na Waingereza.

Hapo ndo nikaona tatizo liko wapi. Sisi tuna neno moja, "mungu wa kike", alafu tunalibandika kwa kila sanamu la mwanamke lenye maua shingoni. Ni kama neno dawa. Kuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, zote dawa, lakini hakuna mtu anayekunywa dawa ya viatu kwa sababu kifua kinambana. Na Kiswahili chenyewe kinatuchanganya zaidi maana "Mungu" hana jinsia, tunasema yeye, tunasema amesema, hujui mume wala mke, mpaka uongeze hilo neno "wa kike" mwenyewe kwa mkono. Sanskriti wao wana deva kwa wa kiume na devi kwa wa kike, tena hizo zinatokana na mzizi wa kung'aa, mwenye nuru, sio lazima muumba wa mbingu na nchi kama tunavyosikia sisi tukitaja Mungu kwa herufi kubwa.

Na sio kwamba habari hizi ni ngeni kwetu. Aliyesoma chuoni anamjua Lata na Uzza na Manata walioabudiwa na watu wa Makka kabla ya Uislamu, wametajwa kwenye Sura Najm. Aliyekaa kanisani anamkumbuka Artemi wa Waefeso kwenye Matendo ya Mitume, mafundi wa fedha walivyofanya fujo kwa sababu Paulo anawaharibia biashara ya visanamu. Kwaiyo wazo tunalo, ila tunalo la aina moja tu, la yule wa upande wa pili, wa maadui. Mumbai inakuonyesha aina nyingi kwa mpigo, tena bure, barabarani, kwenye viwanja na ufukweni, viatu vyako tu.

Tuanze na huyo Flora basi maana ndo rahisi. Chemchemi ilimalizika mwaka 1864, mwanzoni ilikuwa iwekwe kwenye bustani ya Byculla, alafu ikaishia pale Fort ambapo ngome ya Waingereza ilikuwepo zamani. Mwaka 1960 uwanja wake ukaitwa Hutatma Chowk, kwa ajili ya watu waliouawa wakidai jimbo la Maharashtra. Sasa Flora zamani sana kule Roma alikuwa na hekalu na sikukuu, watu wanamtolea sadaka. Leo hana muumini, amebaki pambo. Ni kama mtu aliyekuwa waziri akastaafu, jina lipo, ofisi haipo. Ukipita asubuhi utakuta wauza vitabu vya mtumba wamepanga jirani, njiwa wamemkalia kichwani, na hakuna anayewafukuza.

Kutoka hapo tembea kwa mguu kuelekea Churchgate, dakika chache tu. Usitafute bajaji, upande wa kusini wa Mumbai bajaji hazirusiwi kuingia, ni teksi nyeusi na njano au miguu yako. Utakuta kisima kimezungushiwa uzio na kibanda kizuri, kinaitwa Bhikha Behram, kilichimbwa mwaka 1725 na mfanyabiashara wa Kiparsi. Ajabu yake ni kwamba bahari iko karibu lakini maji yake matamu. Ndani wanaingia Maparsi tu, wewe na mimi tunaangalia kwa nje, na mi naona ni sawa tu, kila nyumba na sheria zake.

Maparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta waliohamia India kutoka Uajemi karne nyingi zilizopita. Zanzibar walikuwepo pia, Freddie Mercury yule mwimbaji alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwenye familia ya Kiparsi, ukoo wa Bulsara. Hapo kisimani wanaomba mbele ya maji, na anayetajwa kwenye maji ni Anahita, maana yake asiye na doa. Ukifungua vitabu vya kizungu utakuta wamemwita mungu wa kike wa maji, na kweli huko Uajemi ya kale alikuwa na heshima kubwa mno. Lakini muulize Mparsi leo, atakwambia Mungu ni mmoja, Ahura Mazda, na Anahita ni yazata, yani kiumbe anayestahili kuheshimiwa aliyepewa usimamizi wa maji. Kwa mtu wa pwani nitamwambia hivi, mfikirie karibu na malaika mwenye idara yake kuliko kumfikiria mungu wa pili. Haifanani moja kwa moja lakini utakuwa umekosea kidogo badala ya kukosea sana.

Mbele kidogo kuna Oval Maidan, uwanja mrefu wa majani ambao jioni unakuta mechi ishirini za kriketi zinachezwa kwa pamoja na mipira inapishana, sijui wanajuaje upi wa nani. Upande mmoja majengo ya kigothi ya Waingereza, upande wa pili maghorofa ya miaka ya 1930, yote yaliingizwa urithi wa dunia mwaka 2018. Shangazi alipopata nafuu ndo hapa nilimleta kwanza, tukakaa kwenye kivuli tukala vada pav, ambayo usiogope jina, ni kachori ya viazi ndani ya mkate wa boflo na chatne ya pilipili.

Sasa tuingie kwa devi wenyewe. Jina la jiji lenyewe ni la mmoja wao, Mumbai ni Mumba pamoja na aai, mama kwa Kimarathi. Mumbadevi ni mama mlinzi wa Wakoli, wavuvi wa asili wa visiwa hivi kabla havijaunganishwa, kabla ya Mreno na Mwingereza. Serikali ilibadili jina rasmi kutoka Bombay mwaka 1995. Kwa mtu wa kwetu sehemu ya kuanzia kuelewa ni mzimu wa kijiji, ile sehemu wavuvi wanapita kabla ya kushusha ngalawa, mama wa mahali fulani, wa watu fulani, ambaye jirani wa kijiji cha pili ana wake. India imejaa mama wa namna hii. Hekalu lake sa hivi liko Bhuleshwar, katikati ya soko la sonara, msongamano wa Kariakoo ni mteremko.

Ukitaka hewa nenda Mahalaxmi, hekalu liko kwenye miamba ukingoni mwa bahari. Mle kuna watatu pamoja, Lakshmi, Saraswati na Kali, kila mmoja na neno Maha mbele ya jina lake, yani mkuu. Hadithi ya pale naipenda kwa sababu inaanza na uhandisi. Karne ya 18 Waingereza walikuwa wanajenga ukuta wa kuzuia bahari isiingie kati ya visiwa, kila wakijenga unabomoka, mpaka mhandisi wa Kihindu akaota kwamba mama yuko chini ya maji, wakatafuta, wakatoa masanamu, ukuta ukasimama, naye akapewa kiwanja cha kujenga hekalu. Uamini usiamini, ukuta upo na magari yanapita juu yake mpaka leo.

Lakshmi ndo yule unayemuona kwenye picha juu ya mashine ya hela kwenye maduka ya Wahindi kuanzia Dar mpaka Mombasa, amesimama kwenye ua la yungiyungi, sarafu zinamwagika mkononi. Huku kwetu tunasema "mungu wa pesa", tena wengine wanaamini ndo siri ya utajiri wao. Hapana. Lakshmi ni neema, ile hali ya mambo kunyooka, chakula kipo, nyumba safi, watoto wazima, na pesa ndani yake. Ni karibu na tunachokiita baraka kuliko tunachokiita hela. Saraswati ni elimu na muziki, wanafunzi wanamkimbilia wakati wa mtihani. Na Kali, haya, huyu ndo anayetisha watu.

Kwanza jina, hilo kali sio la kwetu, limefanana tu kwa bahati, kwa Sanskriti linahusiana na weusi na pia na wakati. Anachorwa mweusi au bluu, ulimi nje, shada la vichwa shingoni, kamkanyaga mwanaume kifuani. Mtu wa kwetu akiona hiyo anajua ni jini. Lakini fuata hadithi. Kuna shetani ambaye kila tone la damu yake likigusa ardhi linazaa shetani mwingine, miungu wa kiume wameshindwa, ndo Kali anakuja kuinywa ile damu kabla haijafika chini. Kwaiyo ile habari ya kunywa damu iliyorushwa kwenye grupu ipo, ila damu ni ya shetani. Na huyo anayekanyagwa ni mume wake Shiva, aliyejilaza njiani kumtuliza maana hasira ilizidi, na wengi wanasema ulimi umetoka kwa aibu baada ya kuona kamkanyaga nani. Waumini wake wanamwita Ma, mama. Ukimuona mama wa mtaani kwenu anavyogeuka siku mbwa akimkimbiza mwanae, nywele timtim, kanga mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, mpita njia atasema mwanamke huyu ana wazimu, mtoto mwenyewe hasemi hivyo.

Sasa wangapi? Ile milioni 330. Kwenye maandiko ya kale ya Veda kuna 33, alafu neno koti lililokuja kuunganishwa na hiyo 33 baadaye lina maana mbili, linaweza kuwa milioni kumi na linaweza kuwa aina. Wengi wakaisoma kama hesabu, 33 mara milioni kumi, wengine wanasema ni aina 33 tu. Hakuna aliyewahi kutoa orodha ya majina milioni 330 na hakuna Mhindu anayeitafuta. Swali la wangapi kwao sio zito kama kwetu, kwa sababu wengi watakwambia hawa wote ni sura za kitu kimoja, na upande wa mama kile kitu kina jina, shakti, yani nguvu. Fikiria umeme. Kwenye feni ni upepo, kwenye friji ni baridi, kwenye pasi ni moto, kwenye redio ni sauti, na luku ni moja. Lakshmi, Saraswati, Kali, na Durga yule mama wa vita, luku moja. Sio Wahindu wote wanalisema hivyo, kuna wanaomuweka juu Vishnu, mungu wa kiume, kuna wa Shiva, kuna ambao devi ndo wa juu kabisa na waume wanatembea kwa nguvu yake, wamebishana karne nyingi na bado wanakula meza moja.

La masanamu nalo tulimalize, na mahali pa kulimalizia ni Girgaon Chowpatty, ule ufukwe mwishoni mwa Marine Drive. Marine Drive ni kama kilomita 3.6, ukuta wa zege kando ya bahari, usiku taa zinajipanga kama mkufu, wapendanao wamekaa wameipa barabara mgongo, wazee wanafanya mazoezi, hakuna kiingilio. Mwisho wa sikukuu ya Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, mtoto wa devi aitwaye Parvati, malaki ya watu wanakuja hapa na masanamu ya udongo na plasta, wanayaimbia, wanayalilia, alafu wanayatosa baharini. Durga naye baada ya ibada za Navaratri, zile siku tisa za mama, anatoswa majini vilevile. Kama sanamu lenyewe lingekuwa mungu nani angelitosa? Kwao mwenyewe anakaribishwa kwa ibada maalum, anakaa kama mgeni siku zake, anaagwa anaondoka, kinachobaki ni udongo. Mtu anaweza kusema imani yake haimruhusu hilo, sawa kabisa, mimi mwenyewe hainiruhusu, ila tusiwasingizie kwamba hawajui tofauti ya udongo na Mungu.

Kaskazini, Borivali, kuna kitu ambacho watu hawakitegemei, hifadhi ya taifa ndani ya jiji, Sanjay Gandhi, zaidi ya kilomita za mraba 100 na chui wa kweli wanaishi humo. Jumatatu inafungwa. Ndani yake kuna mapango ya Kanheri, zaidi ya 100, watawa wa Kibudha waliyachonga kwenye mwamba kwa karibu miaka elfu moja, na wametega mifereji na matangi ya mvua kwa akili sana. Beba maji, ficha chakula, nyani wa pale hawana aibu.

Ubudha unachanganya kwa namna yake. Buddha sio mungu, ni mwalimu, na Ubudha hauna muumba. Sasa Tara je, ambaye kila kitabu kinamwita mungu wa kike wa Kibudha? Tara ni bodhisatva, mtu aliyefika mlangoni pa ukombozi akakataa kuingia peke yake, kabaki kusaidia wengine. Jina lake linahusishwa na kuvusha. Mfikirie nahodha wa pantoni ya Kigamboni ambaye angeweza kushuka ng'ambo akaenda zake kulala lakini anarudi, anarudi, mpaka abiria wa mwisho. Unamuomba, ndio, unamuwekea maua, ndio, lakini hajaumba chochote wala hakuhukumu. Na hapo Kanheri inaeleweka, maandishi ya kwenye kuta yanawataja wachangiaji wakiwemo wafanyabiashara wa bandari za Sopara na Kalyan, watu ambao kuzama baharini ilikuwa ajali ya kazi.

Kwa wale wa "na nyie mna Maria wenu", nendeni Bandra. Juu ya kilima kuna Basilika ya Mlima Maria, jengo la sasa ni la 1904, chini yake ngome ya Wareno ya mwaka 1640 na ufukwe wa mawe ambao vijana wanakaa mpaka magharibi. Septemba kuna sherehe ya wiki nzima na wanakuja Wahindu, Waislamu, Maparsi, wote, Wakoli wana jina lao la kumwita, Mot Mauli. Ukimuangalia mtu wa nje haoni tofauti, sanamu la mama, maua, mishumaa, foleni. Lakini Kanisa Katoliki linafundisha wazi kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, Maria anaheshimiwa na anaombwa awaombee watu kwa Mungu. Ni kama ulivyokuwa unataka kitu kwa babu ukampitia bibi, hukufikiri bibi ndo mwenye shamba. Sasa yule mama wa Kihindu aliyesimama pembeni ya Mkatoliki kwenye foleni hiyohiyo, yeye kichwani mwake anaweza akawa amemuweka Maria kwenye safu ya mama zake. Sanamu moja, watu wawili, maana mbili. Sanamu lenyewe halitakwambia, itabidi uulize watu.

Nje wanauza mishumaa ya nta yenye maumbo, mguu, mkono, nyumba kwa anayetafuta nyumba, mtoto mchanga. Upo na wa moyo. Shangazi yangu ni Muanglikana wa Muheza, hana utani na mambo hayo, akaushika ule moyo, akaugeuza, akamrudishia muuzaji, tukatembea hatua kama kumi, akasimama, akaniuliza "kwani alisema shilingi ngapi?" Hatukurudi. Ila aliuliza.

Wiki ya mwisho tukapanda boti pale Gateway of India kwenda kisiwa cha Elephanta, kama saa moja hivi, nacho Jumatatu kinafungwa na wakati wa masika yao bahari haitabiriki. Kupanda juu kuna ngazi zaidi ya 100, kuna watu wanakubeba kwenye kiti, shangazi akasema hajafa bado, akabaki chini na mahindi yake ya kuchoma, nikapanda mwenyewe. Mle pangoni kuna lile sanamu maarufu la vichwa vitatu la Shiva, ila mimi nilienda kwa ajili ya jingine lililo pembeni, Ardhanarishvara. Mwili mmoja, nusu ya kulia Shiva, nusu ya kushoto Parvati, mkewe kwa sura nyingine, kiuno kimepinda, titi moja. Halijabandikwa, limechongwa humohumo kwenye mwamba, huwezi kuutoa upande mmoja ukabaki na mwingine. Yale yote ya shakti niliyokuwa nasoma kwa tabu nikayaona mara moja, kwamba kwao mume bila mke ni waya usio na umeme, na ukiuliza huyu ni mungu wa kike au wa kiume swali lenyewe linakuwa limekosewa.

Niliposhuka nikamuonyesha shangazi kwenye simu. Akavaa miwani, akavuta picha ikawa kubwa, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Sasa huyu bwana au bibi?"

"Wote, shangazi."

"Kwaiyo wanamwitaje, he au she?"

Nikamwambia Kiingereza kinapata shida hapo. Akacheka, akasema Kiswahili hakina shida, ni yeye tu, alafu akaomba maji maana mahindi yalikuwa na pilipili. Picha hiyo kwenye grupu la ukoo sijaituma mpaka leo.